Jina la Ukoo

Jumapili, Sohar, ni siku ya kazi.
Rotterdam bado wamelala.
Ndiyo saa yangu ya kufungua mafaili
bila uso kunichomoza kwenye kioo ukiuliza:
"Zuweina, hesabu ya vichwa imefika wapi?"

Vichwa.
Bibi yangu, aliyerudi toka Wete na mbuzi ya kukunia nazi
na Kiswahili tunachokisema jikoni tu,
angecheka. Rasilimali, mjukuu wangu, ni Kiarabu hicho,
ra's al-mal, kichwa cha mali.
Kumbe umeajiriwa kuhesabu vichwa?
Ndiyo, Bibi. Na bima. Na tiketi za likizo.

Mfumo mpya ulikuja na amri zake:
kila mfanyakazi awe na jina la ukoo,
kisanduku chenye nyota nyekundu,
ukikiacha kitupu hakikuachii njia.
Selvam wa pampu ana jina moja
na herufi moja mbele yake, ya baba. Basi.
Nikampigia simu karakana: ukoo wako nani?
"Mafi, madam," kwa kile Kiarabu chetu cha kiwandani.
Joto nyuzi arobaini na sita, mafaili mia mbili yananingoja,
nikaandika kwa lugha ya jikoni:
Hakuna.
Kesho nitarekebisha.

Kesho ikatoa kitambulisho chenye picha.
SELVAM HAKUNA.
Mwakio, askari wa lango, mtu wa Voi,
alikisoma akashika kiuno:
"Pita, Bwana Hakuna! Wakiniuliza nani kapita, ninalo jibu."

Nilimwita ofisini nimwombe radhi.
Alikuwa ameshafasiriwa pale langoni.
"Acha, madam. Kwetu jina la ukoo
hukutangulia mlangoni, likawaambia wenyeji
wakukalishe wapi, wakupe kikombe gani.
Hili linakaa kimya. Nimelipenda."

Miaka minne akawa Hakuna,
kwenye mshahara, kwenye kadi ya hospitali,
kwenye keki aliyonunuliwa na zamu ya usiku.
Bisibisi ncha kwenye chuma, mpini sikioni,
aliisikiliza pampu ya tatu kama daktari,
akasema: beringi hii, wiki mbili.
Zikawa wiki mbili.

Aprili ikaja orodha. Watu kumi na mmoja.
Mstari wa saba: Hakuna, S.
Nikaandika kwamba Muhannad, kijana wetu wa Liwa
niliyempigania mimi mwenyewe apate nafasi,
yuko mwezi wa pili tu kumfuata;
kwamba sikio halirithiwi kwa barua pepe.
Wakajibu kwa upole:
ujuzi huo hauonekani kwenye mfumo.
Kweli. Hauna kisanduku.

Fomu ya kuondoka tuliijaza pamoja.
Deni: hakuna.
Malalamiko: hakuna.
Jina la ukoo.
Hapo tulicheka wote wawili, kisha mmoja wetu akaacha.
Akarudisha kofia, buti, ufunguo wa kabati.
Kitambulisho, kanuni inasema, kikatwe mbele ya shahidi.
Mimi nilikuwa naangalia dirishani,
malori ya chuma yakipinda kuelekea bandarini.
Nilipogeuka, mkasi ulikuwa palepale.
Kitambulisho sikukiona.

Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema.
Daftari ninalo. Habari ninazo.
Iliisha hivyo hivyo.

Agosti, siku ya Ijumaa,
niko kwa mama na mkono umejaa wali,
simu ikatetemeka kwenye mkeka.
Pampu ya tatu imesimama tangu alfajiri.
Muhannad amezungukwa na mabomba, amewaita mara nne.
Rotterdam, herufi kubwa:
NI NANI HAPO ANAYEIJUA HII PAMPU?

Nikanawa mkono.
Kwa mara ya kwanza tangu waniajiri
nikawajibu kwa lugha ya jikoni,
neno moja, na herufi yake ya kwanza kubwa:

Hakuna.